Askari Wawili, Bendera na Tarumbeta

Hotuba ya afisa wa uhusiano wa polisi mbele ya askari wastaafu, wajane wa askari, wenyeviti wa vijiji na askari wa vituo

 

Nimeombwa niseme juu ya gwaride la heshima katika mazishi ya askari mstaafu. Huenda mtu akauliza kwa nini jambo la jeshi lisemwe na polisi. Mzee akifariki usiku kijijini, kambi ya jeshi iko mbali, nayo ina lango na mlinzi ambaye watu wengi humwogopa. Kituo cha polisi ndicho kilicho karibu. Kwa hiyo jamaa huja kwetu. Husimama mbele ya meza ya zamu, viatu vimejaa vumbi, wakasema: "Afande, mzee wetu alikuwa askari. Tunaomba watu wa kumsindikiza." Jinsi konstebo aliyeketi pale atakavyoyapokea maneno hayo ndiko kutakakoamua kama mzee yule atasindikizwa au hatasindikizwa. Mimi sisemi kwa niaba ya jeshi la ulinzi. Nani anastahili heshima gani ni amri yao. Nasema juu ya ile meza ya zamu, kwa sababu nimepata kuketi nyuma yake, na nikakosea.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa konstebo katika kituo kimoja cha mashambani, alikuja mtu wa makamo kwa baiskeli. Baba yake alikuwa amepigana Burma katika jeshi la Keya, naye alikuwa amefariki alfajiri ile. Niliiandika habari katika kitabu cha matukio, nikampa namba yake kwenye kipande cha karatasi, nikamwambia angoje. Nilidhani mwenzangu wa zamu iliyofuata angeifikisha habari kambini. Mwenzangu aliona imekwisha kuandikwa, akadhani nimekwisha kuifikisha. Siku ya tatu mzee akazikwa. Nilikuja kusikia baadaye kwamba jamaa walikuwa wameyachelewesha mazishi tangu saa sita hadi saa kumi, macho yao barabarani. Juma lililofuata yule mwana alirudi kituoni. Hakuja kulalamika. Aliweka ile karatasi juu ya meza, akasema: "Afande, hii haikutumika. Nimeona niirudishe." Akaaga, akapanda baiskeli yake. Kazi yangu sasa ni kusema mbele za watu, wala sijapata neno ambalo ningemjibu siku ile.

Wengi wetu tumezoea kuliona gwaride la mazishi katika maziko ya wakubwa: magari, bendi, mizinga, safu ndefu za askari. Ndiyo maana mtu akisikia kwamba koplo mstaafu anaomba kusindikizwa, moyoni huona ni jambo kubwa kupita cheo cha marehemu, na huliacha. Basi natamani tuitazame heshima yenyewe imeundwa kwa vitu gani.

Desturi tuliyorithi kutoka kwa Waingereza mnaijua. Jeneza hufunikwa bendera, na juu yake huwekwa kofia, mkanda na nishani za marehemu. Wasindikizaji hutembea polepole, bunduki zimegeuzwa, mtutu ukielekea chini. Kaburini hupigwa risasi baridi mara tatu, kisha tarumbeta. Mtu asizichanganye risasi hizo na mizinga. Mizinga ni salamu ya wakuu wa nchi na majenerali, lakini zile risasi tatu ni za askari yeyote. Husimuliwa kwamba asili yake ni vita vya zamani vya Ulaya, ambamo pande mbili zilisimamisha mapigano ili kila upande uwaondoe wafu wake uwanjani. Kazi ikiisha, walipiga risasi mara tatu kuashiria kwamba wafu wamekwisha kustiriwa.

Hata hizo risasi si sharti lisilovunjika. Mwaka 1862, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, majeshi yalikuwa yamepiga kambi jimboni Virginia, adui akiwa karibu. Askari mmoja wa kikosi cha mizinga cha Kapteni John Tidball alifariki. Tidball aliona kwamba wakipiga risasi za mazishi, upande wa pili utadhani wanashambuliwa, na damu itamwagika tena. Akaamuru mpiga tarumbeta apige mlio ambao jeshi lile lilikuwa limeanza kuutumia majira hayohayo kuwatangazia askari usiku kwamba taa zizimwe. Mlio huo, unaoitwa Taps, ulikuwa umepangwa na Jenerali Daniel Butterfield, na nota zake hazizidi 24. Tangu hapo ukawa sauti ya mazishi ya kijeshi nchini Marekani. Kapteni yule alikosa namna ya kupiga risasi, lakini hakumzika mtu wake kimya.

Nimeitaja Marekani kwa sababu nchi hiyo ilikutana na tatizo ambalo sisi tunalijua vizuri: wastaafu wengi, askari wachache wa kuwasindikiza. Zaidi ya watu milioni 16 walikuwa wamelitumikia jeshi lake katika Vita vya Pili vya Dunia, nao kufikia miaka ya 1990 walikuwa wazee na kila siku walikuwa wakifariki kwa wingi, wakati jeshi lenyewe limepunguzwa. Familia nyingi ziliomba gwaride, zikaambiwa hakuna watu. Mwaka 1999 bunge lao likapitisha sheria, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2000. Haikuahidi bendi, wala farasi, wala safu ya bunduki. Ilisema kwamba familia ya mstaafu anayestahili ikiomba, waletwe askari wasiopungua wawili waliovaa sare, na angalau mmoja wao awe wa jeshi lilelile alilotumikia marehemu. Kazi yao ni kuikunja bendera iliyolifunika jeneza, kuikabidhi kwa familia, na kuhakikisha mlio wa Taps unasikika. Zaidi ya hapo, kila kambi ifanye kwa kadiri ya uwezo wake, na vyama vya wastaafu viruhusiwe kusaidia.

Askari wawili. Kiasi hicho hata gari dogo la kituo linaweza kukibeba.

Nao walipungukiwa. Wapiga tarumbeta hawakutosha, hata mwaka 2003 wizara yao ya ulinzi ikaruhusu kifaa kinachotiwa ndani ya mdomo wa tarumbeta: askari hubonyeza, huinua tarumbeta midomoni, na sauti iliyorekodiwa hutoka. Mimi sikipendi. Naona kama ni kuigiza mbele ya wafiwa. Lakini nikikumbuka wale jamaa waliongoja hadi saa kumi, sithubutu kuwalaumu waliokibuni.

Katika sheria ile kuna sharti dogo ambalo naliona kubwa, nalo ni kwamba lazima familia iombe. Mwombaji naye hutakiwa kuonyesha cheti cha kutoka jeshini, kwa maana aliyefukuzwa kwa aibu hastahili. Kwao mara nyingi msimamizi wa mazishi ndiye anayepeleka maombi, kwa kuwa anajua aandike wapi. Kwetu hapa Uganda mazishi husimamiwa na ukoo na majirani. Kwa hiyo anayejua aandike wapi ni mwenyekiti wa LC1 na ni konstebo wa zamu, au hakuna.

Na vyeti? Wazee, nanyi mnajua habari ya vyeti. Nyumba zimeungua, watu wamehama usiku wakibeba watoto na kuacha masanduku, mchwa wamekula vilivyobaki. Wengine walivificha makusudi, kwa kuwa zilikuwapo nyakati ambapo karatasi inayoonyesha kwamba ulikuwa askari wa serikali iliyopita iliweza kukuletea maangamizi. Kijana wa zamu anapodai cheti kwa ukali mbele ya mjane, na ayakumbuke hayo. Kukosa cheti si uongo. Namba ya jeshi iliyoandikwa nyuma ya picha, nishani, jina la kikosi, jina la mwenzake aliye hai: vyote hivyo viandikwe na vifikishwe kambini, wao wachunguze. Si kazi yetu kukataa kwa niaba yao.

Kutoandikwa kuna historia ndefu katika nchi zetu. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia wapagazi walichukuliwa kwa maelfu kwa maelfu kutoka Afrika Mashariki yote, wakabeba vyakula na risasi za majeshi, wakafa njiani kwa njaa na kuhara. Jina la kikosi chao limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, ambako leo watu huenda sokoni. Majina ya wengi wao hayakubaki. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Ilikuwa imepita miaka 100 na zaidi. Wapagazi hao hawakuwapo kuisikia radhi ile, nami naamini kila mmoja wao aliwahi kusimama mbele ya karani aliyekuwa na daftari na kalamu.

Sasa niseme mambo ya kazi, ambayo nimeyaona makaburini na yanahitaji busara.

Maziko ya Waislamu hayangoji. Mzee akifariki usiku, adhuhuri huenda amekwisha kuzikwa, na familia haipaswi kuombwa ivunje agizo la dini yake kwa kungoja gari letu. Dawa yake ni kujiandikisha mapema, mzee angali hai, ili simu moja itoshe. Bendera huweza kufunika jeneza njiani, ikakunjwa kabla mwili haujateremshwa. Imamu aulizwe kwanza, na kama jamaa hawataki bunduki kaburini, zisiwepo. Vivyo hivyo kwa Baganda wanaovika mwili nguo ya gome la mti: wazee wa ukoo wamalize yao, nasi tungoje zamu yetu bila kutazama saa.

Bunduki zikiwapo, mkuu wa gwaride ahakikishe mwenyewe, kwa macho na kwa kidole, kwamba kila risasi ni baridi. Mitutu ielekezwe mbali na watu, na watoto wasogezwe nyuma, kwa sababu mlio ukiisha hukimbilia maganda yangali moto. Maganda yahesabiwe na yaokotwe yote na askari. Kama hakuna uhakika wa hayo, tarumbeta peke yake yatosha; mfano wa Tidball mmeusikia.

Bendera ikishakunjwa hukabidhiwa mjane au mtoto aliyeteuliwa na ukoo. Jina hilo liulizwe asubuhi, si kaburini, kwa kuwa nimeshuhudia wake wawili wakinyoosha mikono pamoja, na sajini maskini akageuka kunitazama mimi. Wala bendera isitandikwe juu ya meza ya wazungumzaji, hata kama mzungumzaji ni mkubwa kiasi gani.

Jamaa nao nawaomba mambo mawili. Msimvike mjukuu sare ya jeshi ili "ampigie babu saluti"; najua ni mapenzi, lakini kuvaa sare ya jeshi bila idhini ni kosa la jinai, na sipendi kumkamata mtu matangani. La pili, akija mtu kuwaambia kwamba ataleta gwaride mkimpa fedha ya mafuta, mwambieni asubiri, kisha mtupigie simu. Kituo hakitozi hata shilingi kwa kufikisha habari ya msiba.

Ninyi askari wenzangu wa zamu, utaratibu wetu hapa kuanzia leo ni huu. Habari ya kifo cha mstaafu ikiandikwa katika kitabu cha matukio, aliyeiandika ndiye atakayepiga simu kambini, palepale, mwombaji akisikia. Ataandika jina la aliyeipokea na saa aliyoipokea. Zamu ikibadilika, atamwonyesha mwenzake mstari huo kwa kidole, na mwenzake atatia sahihi. Kambi ikijibu kwamba haina watu siku hiyo, jamaa waambiwe kabla ya jua kutua, ili wasichelewesha mazishi wakitazama barabara. Na kama mkuu wa kituo ataridhia, askari wetu wawili, sare zimepigwa pasi, waende wasimame kando ya kaburi. Hawatakuwa gwaride la jeshi wala hatutawaita hivyo. Watakuwa askari wawili waliokuja kumzika askari.

Nimekwisha. Pale mlangoni wameketi koplo wawili na daftari jipya. Mzee akitoka, awape jina lake, namba yake kama anaikumbuka, kikosi chake, dini yake, na jina la mtu atakayeipokea bendera. Wasio na vyeti wapite pia. Wenye magongo wasisimame foleni. Daftari litaletwa walipokaa.