Ile pikapu ya E85: tuilete ama tuiuzishe kule?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanamemba, Uvira)



Mnajua kama marafiki wa chama walioko Iowa wametutolea pikapu. Ni Chevrolet Silverado ya mwaka 2009, injini ya lita 5.3, na nyuma iko na alama ya FlexFuel E85. Tangu picha zifike kwenye simu, maneno imekuwa mingi. Wengine wanasema hii gari inakunywa pombe, basi tutaipikia kanyanga hapa hapa na kuachana na esansi ya makadafi. Komite ilituita sisi tulioishi Des Moines mbele ya kurudi, juu tuliendesha gari ya namna hiyo hiyo kwenda kazini.

Ni kweli inakubali. E85 ni esansi iliyochanganywa na etanoli, na kule Iowa etanoli inatoka kwenye mahindi. Jina linasema 85, lakini kwenye pompi inaweza kuwa kati ya 51 na 83 kwa 100. Wakati wa baridi wanapunguza etanoli, juu haigeuki mvuke upesi na injini inakataa kuwaka asubuhi. Gari yenyewe inapima mchanganyiko na kujirekebisha. Unaweza kujaza esansi leo, kesho E85, ukavichanganya ndani ya tangi, haina shida.

Tulipojaribu, nguvu haikupungua. Kilichopungua ni safari. Kwa esansi ya kawaida tulikuwa tunapata maili 16 kwa galoni moja. Kwa E85 tukapata 12. Tangi iko na galoni 26, basi hesabuni wenyewe: maili 416 zikawa 312. Etanoli iko na moto mdogo kuliko esansi, lita kwa lita. Kwa hiyo tulikuwa tunaangalia bei kwanza. Kama E85 haikushuka kwa robo nzima chini ya esansi, tulikuwa tunapita pompi hiyo bila kusimama, hata kama ubao wake ulikuwa unavutia macho.

Sasa hapa kwetu. Pompi ya E85 haiko. Na kanyanga si etanoli ya gari. Hata ile kali inayowaka moto kwenye kijiko bado iko na maji mengi sana. Ukiimwaga ndani ya esansi, maji na pombe vinajitenga na kushuka chini ya tangi, na ni kule chini pompi ya gari inakovuta. Gari itasimama njiani na mgonjwa ndani.

Kuna ndugu aliuliza juu ya Brazil na miwa, akatukumbusha Kiliba. Swali nzuri. Brazil wanauzisha gari zinazokubali etanoli na esansi tangu 2003, na etanoli yao inatoka kwenye miwa. Lakini wako na viwanda vikubwa vinavyotoa karibu maji yote, na pompi nchi nzima. Sisi tuko na bidoni na mtungi.

Tena kuna jambo la chakula. Kilo 25 za mahindi zinatoa karibu lita 10 za etanoli. Kujaza tangi moja ya hii pikapu ni kama magunia mawili ya kilo 100. Iowa mahindi mengi ni ya etanoli na ya ng'ombe na nguruwe, na masalio ya etanoli yanarudi kwa hao wanyama. Mahindi ya bonde la Ruzizi ni bugali ya watoto wetu.

Basi tukiileta, itakunywa esansi tu. Kwenye lami nzuri ni karibu lita 15 kwa kilomita 100. Kwa kupanda Ngomo na mizigo ni zaidi. Mnajua tunanunua esansi namna gani mwisho wa mwezi. Bado hatujahesabu meli mpaka Dar es Salaam, njia ya Kigoma, boti mpaka Kalundu, na duane. Na vipuri vya Chevrolet, ni fundi gani hapa Uvira atavipata? Pikapu ndogo ya mazutu, hata kuukuu, kila garaji inaijua.

Wafadhili wetu, msichukue hii kama dharau. Gari yenu ni nzima na moyo wenu tumeuona. Tunachoomba ni ruhusa: muiuzishe kule Iowa, ambako pompi yake iko na wanunuzi wanaijua thamani yake, halafu mtume hela. Wengine kati yetu hawakubali. Wanasema gari iliyotolewa haikataliwi. Tutapiga kura siku ya mkutano ujao, na tungefurahi jibu lenu lifike mbele ya siku ile. Komite italeta bei tatu za pikapu za mazutu kutoka Uvira na Bujumbura, zimeandikwa, kila mtu azione.