MTUTU SI BOMBA

(Hotuba hii ilisomwa na karani mmoja mbele ya wenyeviti wa mitaa, walimu na wazee waliokutana Mbezi Beach. Tumeichapa yote, maana yaliyomo yawafaa pia watu wa mashamba.)



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya jambo ambalo wengi wetu hulitenda kwa siri, au hulijua likitendwa na jirani nasi tukanyamaza. Jambo lenyewe ni kuondoa mtutu wa bunduki uliochakaa na kutia mwingine, nyumbani, kwa mkono wa fundi asiye fundi wa silaha. Mimi si askari wala si mwindaji. Kazi yangu ni kalamu. Lakini ninayo haki ya kusema habari hii, na sababu yake mtaisikia kabla sijamaliza.

Kwanza tujue mtutu ni kitu gani. Bunduki ina kitako, ina mtambo, na ina mtutu, ambao wazee wa Pwani huuita kasiba. Mtu asiyefikiri huona kwamba mtutu ni bomba tu, njia ya kupitia risasi. Sivyo. Mtutu ni chungu kinachopikiwa moto mkali kuliko moto wote wa nyumbani, na shavu la mwenye bunduki li karibu na chungu hicho. Baruti ikiwaka hugeuka hewa mara moja, na hewa hiyo hutafuta pa kutokea. Gurudumu la motokaari hutiwa hewa yenye nguvu ya mara mbili hivi kupita hewa tuivutayo. Bomba la maji la mjini hubeba nguvu ya mara chache tu. Gobore la baruti nyeusi hubeba nguvu ya mamia ya mara. Na bunduki ya siku hizi, ile yenye mifereji inayozunguka ndani ya mtutu, hubeba nguvu ya mara 3,000 na zaidi. Basi mtu akichukua bomba la maji akalifanya mtutu, amemtwika mtoto mchanga gunia la chumvi.

Magobore haya hayakuanza jana. Barabara hii ya Bagamoyo tunayopita kila asubuhi yaelekea mji ambao katika miaka ya 1880 ulikuwa mlango wa bunduki maelfu kwa maelfu, zilizotoka Ulaya, zikashuka Unguja, kisha zikaenda bara pamoja na misafara. Nyingi zilikuwa kuukuu, zimekwisha kuachwa na majeshi ya kwao. Biashara hiyo ilizidi mno, hata mataifa yakakutana Brussels na kutia sahihi mkataba wa tarehe 2 Julai 1890, ambao pamoja na kupinga biashara ya watumwa uliweka mipaka juu ya silaha kuingia Afrika. Lakini zilizokuwa zimekwisha kuingia zilibaki. Zilipochakaa, wahunzi wetu wakazitengeneza, wakafua chuma, wakabadili vitako. Walikuwa watu hodari, wala siwadharau. Ila baruti yao ilikuwa nyeusi na dhaifu. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alivumbua baruti isiyotoa moshi mwingi, yenye nguvu kupita ile ya kale. Tangu hapo mtutu wa zamani na baruti mpya ni maadui. Na mtu akivikutanisha, hatajua nani ameshinda mpaka apelekwe hospitali.

Sasa nitawaeleza sababu yangu ya kusema.

Nilipokuwa na umri wa miaka 12, Mbezi Beach hii ilikuwa bado na vichaka na minazi, na nyumba za matofali zilikuwa zikiinuka huku na huku. Mjomba wangu alikaa kijijini, ndani ya Bagamoyo, akilima muhogo na mahindi. Nguruwe mwitu walikuwa wakimla yeye kabla hajala muhogo wake. Alikuwa na gobore aliloachiwa na babu, nalo mtutu wake ulikuwa umeliwa na kutu. Likizo moja aliniambia, "Mjomba," kwa maana kwetu mjomba na mpwa huitana kwa jina moja, "huko kwenu wanakojenga hakukosi vipande vya bomba. Ukija tena niletee kimoja, kiwe kinene." Nami nikaokota kimoja karibu na nyumba iliyokuwa ikijengwa, nikakifunga ndani ya mkeka, nikapanda nacho basi. Nilijiona mwanamume kamili.

Fundi wa kijijini akaufanya mtutu. Bunduki ikalia. Mjomba akaua nguruwe wawili, kisha watatu. Kijiji kizima kikala nyama nje ya wale wasioila, nao walifurahi kwa sababu muhogo wao ulipona. Msimu mzima bunduki ile ililia wala haikumdhuru mtu. Kila ilipolia, mjomba alizidi kuiamini. Usiku mmoja ikalia kwa sauti nyingine. Mtutu ulipasuka karibu na mtambo, mahali hasa uliposhikwa na mkono wa kushoto. Mjomba alipoteza vidole vitatu na jicho moja.

Aliishi miaka mingine tisa. Hakuweza kushika jembe sawasawa. Mke wake alilima peke yake, na binti yao wa kwanza aliacha shule akamsaidie mama yake. Mjomba hakunilaumu hata siku moja. Mara moja tu aliniambia, "Bomba lako lilikuwa zuri, mjomba. Mimi ndiye niliyelipa kazi isiyo yake." Maneno hayo ninayo mpaka leo.

Mabwana, nimefikiri sana kwa nini bomba lile halikupasuka siku ya kwanza. Baadaye nilijifunza sababu. Mabomba mengi ya maji hufanywa kwa bamba la chuma lililokunjwa na kuungwa, nayo yana mshono. Chuma chake ni cha kubeba maji, si cha kubeba mshindo. Kila bunduki inapolia, mshono huo hufunguka kidogo sana, ufa ambao jicho halioni. Mara ya pili ufa huongezeka. Mara ya kumi huongezeka zaidi. Twasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa mtutu hauonekani ukazibwa, na ukuta wake ni mwili wako. Kwa hiyo mtu asemaye, "Nimeipiga mara ishirini, ni salama," hakuleta ushahidi wa usalama. Amehesabu tu hatua alizokwisha kwenda kuelekea shimoni.

Wenzetu waliofanya kazi hii miaka mingi walilijua jambo hili, na kwa hiyo hawakuukubali mtutu kwa maneno ya fundi aliyeutengeneza. Huko London chama cha mafundi wa bunduki kilipewa hati ya mfalme mwaka 1637, na Birmingham nyumba ya kujaribia mitutu iliwekwa kwa sheria mwaka 1813. Kazi ya nyumba hizo ni hii: mtutu hutiwa mzigo mkubwa kuliko ule utakaotumika kila siku, hupigwa mahali ambapo hakuna mtu wa kuumia, kisha hukaguliwa. Ukistahimili, hugongwa muhuri. Ukishindwa, hautoki. Muhuri ule mdogo ni ushahidi kwamba mtutu umekwisha kuonja adhabu kubwa kabla ya kuja mkononi mwako. Lakini mtutu uliotiwa nyuma ya nyumba haukujaribiwa na mtu. Atakayeujaribu ni mwenyewe, na mizani yake ni jicho lake na vidole vyake.

Najua yuko atakayesema, "Karani, mbona Marekani watu hubadili mitutu nyumbani?" Ni kweli, wako wafanyao hivyo, na katika nchi ile sheria huhesabu kiunzi cha bunduki, si mtutu, kuwa ndiyo silaha yenyewe. Uingereza si hivyo. Huko hata mtutu peke yake huhitaji hati. Lakini tazameni jinsi Wamarekani hao wanavyofanya. Mtutu wao hutoka kiwandani, umekerezwa kwa mashine, kwa ajili ya bunduki ya namna hiyo na risasi ya namna hiyo. Wakisha kuufunga, hupima nafasi iliyo kati ya kufuli na mahali risasi inapokaa. Hutumia vipimo viwili vya chuma kigumu: juu ya cha kwanza kufuli lazima lifunge, na juu ya cha pili lazima likatae. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ni kama unene wa karatasi moja ya daftari, au zaidi kidogo. Nafasi ikizidi, ganda la shaba la risasi huweza kupasuka na moto ukarudi nyuma usoni. Basi namwuliza fundi wetu wa kuchomelea madirisha na mageti: vipimo hivyo unavyo? Kama huna, usiguse.

Tena iko sheria. Sheria yetu ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyoshika mahali pa ile ya mwaka 1991, yamtaka kila mwenye silaha awe na leseni, na yule anayefanya kazi ya kutengeneza silaha awe na leseni ya kazi hiyo. Wengine huona kwamba hii ni taabu ya Serikali tu. Lakini fikirini. Tarehe 21 Aprili 2004 nchi za upande wetu huu wa Afrika zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi juu ya silaha ndogo, na moja ya mambo waliyoafikiana ni kwamba silaha ziwe na alama zake, ili zijulikane zilikotoka na ni za nani. Bunduki iliyobadilishwa vipande kwa siri ni kama mtu aliyebadili jina. Ikiibwa na kutumika kwa uovu hapa Mbezi, Goba au Tegeta, ni nani atakayeifuata mpaka kwa mwenyewe?

Juzi jirani yangu alinijia usiku. Baba yake amefariki, na darini wamekuta bunduki ya kuwindia, mtutu wake umeingia kutu. Alikwisha kupatana na fundi autie mtutu uliokatwa katika bunduki nyingine. Alitaka nimwandikie hesabu ya gharama tu. Nilimwandalia chai, nikamsimulia habari ya mjomba. Kisha nikamwambia kwamba leseni ni ya mtu, hairithiwi kama shamba. Alinyamaza muda mrefu. Asubuhi tulikwenda pamoja kituo cha polisi, akaeleza habari yote, bunduki ikapokewa na kuandikwa. Aliniambia njiani kwamba ameona haya kuacha urithi wa baba yake kituoni. Nilimjibu kwamba baba yake alimwachia pia macho mawili na vidole kumi, navyo ni urithi.

Basi, wazee wangu, nina maombi manne.

Kwenu wenyeviti: mkisikia mtu ana silaha ya urithi, msimtishe, mpelekeni kwa upole kwa polisi. Mwaka 2023, mwezi wa Septemba na wa Oktoba, Serikali ilitoa msamaha kwa watakaosalimisha silaha wenyewe. Msamaha ukitangazwa, utangazeni kila nyumba.

Kwa wenye leseni: mtutu ukiwa na kutu ya ndani, au umevimba, au umepata ufa, msiupige tena, hata mara moja ya kujaribu. Waulizeni polisi ni fundi gani mwenye idhini.

Kwa mafundi wa chuma: kataeni kazi hii, hata kama fedha ni nyingi. Mkono utakaokatika si wenu, lakini kilio mtakisikia.

Kwenu walimu: waambieni watoto wasipeleke bomba wala chuma kwa mtu bila ya kuuliza ni cha kazi gani. Mimi sikuuliza.

Na kwa wakulima wanaosumbuliwa na nguruwe na ngedere, sisemi kwamba taabu yenu ni ndogo. Pelekeni habari kwa maafisa wa wanyamapori wa wilaya, mlinde mashamba kwa zamu, watu wengi pamoja, kwa ngoma na moto. Ni kazi ya kuchosha, nakubali. Lakini muhogo ukiliwa hupandwa tena.