Mtunzi ni Nani? Majina Tuliyoyakuta Ndani ya Kiti cha Piano

Mazungumzo ya walimu wa kwaya na wapiga kinanda, mkesha wa Jubilei ya Miaka 25



Tumeombwa tuzungumze kwa dakika chache kuhusu muziki tunaojifunza nje ya nyimbo za Misa. Wengine mtashangaa: jubilei ya kwaya na muziki wa piano wa Wazungu wa karne ya 19, wapi na wapi? Tunaomba mtuvumilie. Tutaanzia kwenye kiti, twende mbali kidogo, kisha turudi hapa hapa kanisani, maana tuna deni ambalo tungependa kulilipa usiku huu.

Wengi wenu mnaifahamu ile piano kuukuu ya ukumbi wa parokia, ambayo noti tatu za chini hazilii. Kiti chake ni kama sanduku. Ukiinua pa kukalia, ndani kuna nafasi ya vitabu. Siku tuliyokifungua kwa mara ya kwanza tulikuta vitabu vya nota vilivyoliwa na mchwa, na karatasi kadhaa zisizo na jalada wala jina. Mwalimu wetu wa wakati huo aliketi akajaribu moja. Mkono wa kushoto ulienda taratibu, kama mashua iliyofungwa ufukweni, na mkono wa kulia ukaimba juu yake kama sauti ya kwanza. Tuliupenda muziki ule papo hapo. Tukauliza ni wa nani, na kila mmoja wetu aliyejidai kujua akajibu: Chopin. Basi kwa miaka mingi, kila tulipoupiga kwenye tamasha, tuliandika Chopin kwenye ratiba.

Haukuwa wa Chopin. Kijana wetu mmoja aliyekwenda Nairobi kusomea muziki alirudi likizoni na kitabu kizima chenye jalada, na ndani yake tukaukuta muziki wetu, noti kwa noti. Mtunzi ni John Field, mwana wa Dublin huko Ireland, aliyezaliwa mwaka 1782. Akiwa kijana alipelekwa Urusi na mwalimu wake, Muzio Clementi, akaishi huko sehemu kubwa ya maisha yake, akafia Moscow mwaka 1837. Ndiye aliyeanzisha aina ya muziki wa piano inayoitwa nokturni, yaani muziki wa usiku. Nokturni zake za kwanza zilichapishwa mwaka 1812, Chopin akiwa mtoto wa miaka miwili. Chopin alijifunza njia hiyo kwake, akaipanua na kuipeleka mbali, na dunia ikabaki na jina la mwanafunzi.

Kosa hilo lilitutia haya, lakini pia lilitufungua macho. Tukaanza kuuliza: ni nani wengine waliokaa kwenye kivuli cha majina makubwa? Kipindi kinachoitwa cha Romantiki, ambacho ni karibu karne yote ya 19, kilikuwa na watunzi wengi sana wa piano. Tuliozoea kuwasikia hawafiki kumi. Leo tutawataja wengine watatu tu, na tumewachagua kwa sababu muziki wao unagusa kazi yetu sisi wana kwaya.

Wa kwanza ni mwanamke, Fanny Hensel. Kila Krismasi mnauimba wimbo wa malaika ambao tuni yake ilitungwa na Felix Mendelssohn. Fanny ni dada yake mkubwa, aliyezaliwa Hamburg mwaka 1805. Walifundishwa muziki pamoja, na Felix mwenyewe aliheshimu sana sikio la dada yake. Lakini Fanny alipokuwa na umri wa miaka kumi na minne, baba yao alimwandikia barua akimweleza kwamba muziki huenda ukawa kazi ya Felix, ila kwake yeye utakuwa pambo tu. Nyimbo zake sita zilitoka katika vitabu vya Felix, kwa jina la Felix. Mwaka 1842 Malkia Victoria wa Uingereza aliimba mojawapo mbele ya Felix akidhani ni yake, na Felix akalazimika kukiri kuwa ni ya dada yake.

Fanny hakuacha kutunga. Mwaka 1841 aliandika vipande vya piano kumi na viwili, kimoja kwa kila mwezi wa mwaka, na kimoja cha kufungia. Mumewe, aliyekuwa mchoraji, alivipamba kwa picha. Wanakwaya, sikilizeni mwezi wa Machi: muziki unaanza kwa uzito wa Kwaresima, kisha unachomoza wimbo wa kale wa Kijerumani wa Pasaka. Desemba kinakimbia kama theluji inayopeperushwa na upepo, halafu kinatulia, na tunasikia wimbo wa Noeli. Kile cha kufungia kinatumia wimbo wa kanisa wa kuuaga mwaka. Ni kalenda ya Kanisa iliyoandikwa kwa vidole. Kazi hiyo yote haikuchapishwa hadi mwaka 1989.

Pia kuna sonata yake ya Pasaka, aliyoitunga mwaka 1828. Hati yake ilionekana Paris mwaka 1970, nayo ikahesabiwa kuwa kazi ya Felix, ikarekodiwa kwa jina lake. Mwaka 2010 mtafiti mmoja aliichunguza akaona kwamba mwandiko ni wa Fanny, na kwamba namba za kurasa zinaingia sawasawa mahali ambapo kurasa zilikuwa zimekosekana katika daftari la Fanny. Miaka zaidi ya 180 ilipita kabla mama huyu hajarudishiwa sonata yake. Yeye mwenyewe alikuwa kiongozi wa kwaya. Alikuwa akiongoza matamasha ya Jumapili nyumbani kwao Berlin. Tarehe 14 Mei 1847, katikati ya mazoezi, mikono yake ilikufa ganzi akiwa kwenye piano. Alifariki usiku huo huo, akiwa na miaka 41.

Wa pili ni Charles-Valentin Alkan, Myahudi wa Paris, aliyezaliwa mwaka 1813. Alikuwa rafiki na jirani wa Chopin, na waliomsikia walimhesabu kati ya wapiga piano hodari kuliko wote. Mwaka 1848 alitarajia kupewa nafasi ya juu ya kufundisha piano katika chuo alichosomea, lakini nafasi ikaenda kwa mwingine. Alkan akajitenga na majukwaa kwa miaka mingi, ila hakuiacha kalamu. Mwaka 1857 alitoa kitabu cha mazoezi ambamo mna simfoni nzima na koncheto nzima kwa piano peke yake, bila okestra. Sisi hatuna vidole vya kuyapiga hayo, tunakiri. Lakini mwaka 1859 alitoa kipande kinachofuata Zaburi ya 137, ya mateka wa Israeli kule Babeli. Ukiishika Biblia mkononi huku ukisikiliza, utasikia maombolezo, kisha hasira, bila neno hata moja kuimbwa.

Wa tatu ana damu ya Afrika. Samuel Coleridge-Taylor alizaliwa London mwaka 1875. Mama yake alikuwa Mwingereza, na baba yake daktari kutoka Sierra Leone. Mwaka 1905 alitoa kitabu cha vipande 24 vya piano, vilivyojengwa juu ya nyimbo za Waafrika na za watu weusi wa Marekani na visiwa vya Karibi. Tunachokipenda zaidi ni hiki: juu ya kila kipande ameandika kwanza wimbo wenyewe kama alivyoupokea, ndipo anaanza kuupamba. Ni kama anasema, hiki si changu peke yangu, mwenyewe ndiye huyu.

Uungwana huo yeye hakutendewa. Kazi yake kubwa ya kwaya na okestra ya mwaka 1898 aliiuza moja kwa moja kwa gini 15. Ikaimbwa kila mahali na vitabu vikauzwa kwa wingi, naye hakupata fungu. Alifariki mwaka 1912 kwa nimonia, akiwa na miaka 37. Kisa chake ni kati ya vilivyowasukuma watunzi wa Uingereza kuunda chama cha kutetea haki zao mwaka 1914.

Sasa turudi nyumbani, kwenye deni letu.

Mnaujua wimbo wetu wa matoleo, ule ambao hata watoto wa Utoto Mtakatifu huuitikia wakiwa mlangoni. Kwa zaidi ya miaka kumi karatasi zetu zimesema: mtunzi hajulikani. Mwaka jana, baada ya tamasha la dekania, mwanamke mmoja alitusubiri nje. Hakuwa na hasira. Alisema tu, “Walimu, huo ni wimbo wa mama yangu. Aliutunga akipepeta maharagwe, akaja kuwaimbia kwenye mazoezi, mkauandika. Leo nimesikia mkitangaza kwamba hajulikani.”

Tulikwenda kwenye kabati. Katika daftari la zamani la solfa, kwenye kona ya ukurasa, jina lilikuwepo kwa penseli. Aliyenakili mara ya kwanza aliliruka, aliyepiga chapa hakuliona, na sisi tuliotoa fotokopi hatukuuliza. Mama yule aliimba alto pamoja nasi hadi ugonjwa ulipomzuia. Mliomfahamu mnajua tunamsema nani. Hakuna mtu wa mbali aliyemfuta. Tulimfuta sisi, tena huku tunamwimba.

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Katika kijitabu hiki, kwenye ukurasa wa nyimbo, jina lake limerudi mahali pake. Binti yake yuko nasi usiku huu. Mama, mbele ya waumini wote, tunaomba radhi.

Wanakwaya, tumekubaliana mambo matatu kuanzia leo. Karatasi yoyote isiyo na jina la mtunzi haitatolewa fotokopi kabla hatujauliza kwa wazee na kutazama madaftari. Mwenye wimbo mpya ataandika jina lake na tarehe kabla ya kuufundisha, awe mwalimu au mwanakwaya wa wiki moja. Na kila mwezi, kabla ya mazoezi ya Jumamosi, mpiga kinanda mmoja atatupigia kipande cha mtunzi ambaye hatujamsikia, na kutuambia alikuwa nani. Tutaanza na Machi wa Fanny Hensel, Kwaresima ikifika.

Usiku huu, kabla ya chakula, tutaupiga ule muziki wa ndani ya kiti. Zile noti tatu za chini bado hazilii, mtusamehe. Lakini kwenye ratiba, kwa mara ya kwanza katika tamasha letu, mtasoma: John Field.

Mungu aibariki kwaya yetu, na awakumbuke wote walioimba kabla yetu. Tumsifu Yesu Kristu.