MOSHI MWEUSI NI FEDHA INAYOPOTEA
Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Samunge



Leo tuzungumze jinsi mafuta yanavyoingia ndani ya injini. Huenda mtu akauliza: "Sisi wakulima na wafugaji, hayo yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Nauli tunalipa sisi. Mahindi yetu yanasagwa kwa mashine ya dizeli. Na moshi tunauvuta sisi na watoto wetu.

Wote tunakumbuka mwaka 2011. Watu kwa maelfu walikuja hapa Samunge kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Masapila, na foleni ya magari ikafika kilomita nyingi. Yalikuja magari ya kila aina, mabovu na mazima. Mengine yalitoa moshi mweusi kama tanuri. Mengine yalipanda mlima kimya, bila moshi. Kwa nini?

Moshi mweusi ni mafuta ambayo hayakuungua yote. Tazama mafiga matatu. Ukisukumia kuni nyingi mno, hewa inakosa nafasi, moto unafifia na nyumba inajaa moshi. Ukiweka kuni nyembamba kwa kiasi, moto unawaka vizuri. Injini nayo ni hivyo hivyo. Inataka mambo matatu: mafuta kwa kipimo, mafuta yaliyorushwa laini kama ukungu, na yaingie kwa wakati wake.

Zamani magari ya petroli yalitumia kabureta. Hewa inapita kwa kasi na kuvuta mafuta kwenye tundu dogo. Kabureta ni rahisi kutengeneza, na pikipiki nyingi zinaitumia mpaka leo. Lakini haiwezi kujirekebisha vizuri hewa inapobadilika. Chukua gari lililorekebishwa Dar es Salaam, lipandishe mpaka ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Huko hewa imepungua karibu robo. Kabureta bado inamimina mafuta mengi mno kwa hewa hiyo. Basi injini inachoka, moshi unatoka, na dereva anaona tangi linakauka upesi.

Mwaka 1967 kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani ilianza kuuza gari lenye mfumo wa Bosch wa kunyunyiza petroli kwa nguvu ya umeme. Katika magari ya sasa kuna vifaa vya kupima hewa na joto. Habari hizo zinakwenda kwenye kompyuta ndogo, ambayo mafundi wetu wanaiita kontroli boksi. Nayo inaamuru nozeli ifunguke kwa muda mfupi sana, kisha ifungwe.

Sisi wa Samunge hatuwezi kushindwa kuelewa jambo hili. Maji ya mifereji yetu hayaachwi yatiririke ovyo. Kila shamba lina zamu yake na kipimo chake. Ukifungulia maji bila mpango, shamba moja linafurika na jingine linakauka. Nozeli ni kama mlango wa mfereji. Kontroli boksi ni kama mzee mwenye kugawa zamu.

Dizeli je? Injini ya dizeli haina plagi. Hewa inashindiliwa mpaka inakuwa moto sana, kisha mafuta yanarushwa ndani na kuwaka yenyewe. Mwaka 1995 kampuni ya Denso ya Japani ilileta mfumo mpya katika malori. Mafuta yanakaa kwenye bomba moja nene kwa shinikizo kubwa mno, na nozeli zinafunguliwa kwa umeme. Mafuta yanakuwa ukungu mwembamba, yanaungua karibu yote. Nguvu inaongezeka, moshi unapungua.

Lakini hapa kuna hatari, ndugu zetu. Matundu ya nozeli hizo ni membamba kama unywele. Pampu yake inalainishwa na dizeli yenyewe. Tone la maji, vumbi, au mafuta ya taa yaliyochanganywa, yanaweza kuiharibu. Injini ya zamani huvumilia uchafu. Injini mpya haivumilii, na kuitengeneza ni ghali.

Uchakachuaji umetusumbua sana nchini. Mwaka 2010 EWURA ilianza utaratibu wa kuweka alama katika mafuta ili yaliyochanganywa yagundulike. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili wachanganyaji wakose faida. Hata hivyo mlinzi wa kwanza ni mnunuzi mwenyewe.

Kwa hiyo tukumbuke haya:

1. Tununue mafuta kituoni kila inapowezekana. Mafuta ya dumu la njiani hatujui yametoka wapi.
2. Dumu la mafuta liwe safi, kavu na lenye kifuniko. Lisiwe lililowahi kuwekwa maji.
3. Chujio la mafuta na chujio la hewa vibadilishwe kwa wakati. Vumbi la njia ya Engaruka si mchezo.
4. Mashine ya kusaga ikianza kutoa moshi mweusi, tusingoje ife. Tumwite fundi aangalie chujio na nozeli.
5. Tusifungue nozeli wenyewe. Shinikizo lake linaweza kupasua ngozi.

Ndugu, aliyejua kusoma asome pia moshi. Ukiuona mweusi, ujue kuna fedha inateketea, na kifua cha mtu kinaumia.