Utafiti Unaomtangulia Mwashi: Ngome ya Malbork na Wajibu wa Wasomi



Nimechagua kuzungumzia ngome moja tu, kwa kuwa sijui nyingine inayoonyesha wazi zaidi namna utafiti unavyookoa jengo la kale. Ni ngome ya Malbork, kaskazini mwa Poland, kando ya mto Nogat. Shirika la Teutonic, watawa wa Kijerumani waliokuwa pia wapiganaji, lilianza kuijenga kwa matofali ya kuchoma katika miaka ya 1270, na mwaka 1309 Mkuu wa Shirika akahamishia makao yake humo. Mwaka 1410, jeshi la Shirika liliposhindwa vibaya huko Grunwald, ngome ilizingirwa na haikuanguka. Baadaye askari wa kukodiwa, waliopewa ngome hiyo kama rehani ya mishahara yao, waliiuza kwa mfalme wa Poland, naye akaingia humo mwaka 1457.

Kuta zilizowashinda wavamizi zilikaribia kumalizwa na maofisa. Prussia ilipoitwaa sehemu hiyo ya Poland mwaka 1772, ngome iligeuzwa kambi ya askari, kisha ghala. Matao ya dari yaliyokuwa yamedumu kwa karne nne yalivunjwa ili ipatikane nafasi ya kuhifadhia bidhaa, na ukafika wakati ambapo kubomoa kulionekana ni mpango wa kawaida wa serikali.

Mwaka 1794 msanifu majengo kijana, Friedrich Gilly, alifika hapo akifuatana na baba yake aliyekuwa katika ukaguzi wa majengo ya serikali. Alichora kumbi, nguzo na matao. Mwaka uliofuata michoro hiyo ilionyeshwa Berlin, na kuanzia mwaka 1799 ikachapishwa. Mwaka 1803 mshairi Max von Schenkendorf aliandika gazetini kupinga ubomoaji, na mwaka 1804 mfalme wa Prussia akaamuru usitishwe. Gilly hakuyaona hayo. Alifariki mwaka 1800 akiwa na umri wa miaka 28. Waamuzi wa Berlin walikuwa mbali na Nogat, na ombi la kupata ghala ni jambo jepesi kuliidhinisha kwa mtu asiyejua ghala hilo litachukua nafasi ya nini. Michoro iliwaondolea kisingizio hicho.

Hata hivyo, ngome inaweza pia kuharibiwa na wanaoipenda. Ukarabati ulioanza mwaka 1817 ulifanywa kwa ari kubwa na maarifa machache. Watu walitaka kuona Zama za Kati walizozisoma katika mashairi, wakaongeza mapambo ambayo watawa wa karne ya 14 wasingeyatambua.

Aliyebadilisha mwelekeo ni Conrad Steinbrecht, aliyesimamia kazi kuanzia mwaka 1882 hadi 1922. Kanuni yake ilikuwa kwamba uchunguzi umtangulie mwashi. Alichimba misingi. Alipima ngome nyingine za Shirika hilo, ili palipopotea kitu Malbork apate ushahidi kutoka kwa majengo ya ukoo uleule. Ufundi uliosahaulika wa kujenga kwa matofali na kuyapamba ulifufuliwa hapo. Wakati huohuo wanahistoria nao walikuwa wakichapisha nyaraka za Shirika. Daftari la mweka hazina la miaka 1399 hadi 1409 lilitolewa kwa chapa mwaka 1896, nalo linaonyesha malipo kwa mafundi waliofanya kazi kwa Shirika. Kwangu mimi, ukurasa wa hesabu kama huo una thamani kuliko hadithi kumi za kishujaa, kwa sababu aliyeuandika hakuwa na nia ya kumvutia yeyote. Alitaka fedha zionekane zimekwenda wapi.

Sitaki kumfanya Steinbrecht kuwa malaika. Alijaza mapengo kwa kukisia pale ushahidi ulipomwishia, na kazi yake ililipiwa na dola iliyotaka ngome iwe alama ya ukuu wa Kijerumani juu ya Wapoland. Mwaka 1902 Kaisari Wilhelm II aliitumia kwa sherehe na hotuba ya aina hiyo. Msomi anayepokea fedha za ukarabati hana budi kujiuliza kila siku anajenga ushahidi au jukwaa.

Kisha ukaja mwaka 1945. Ndani ya wiki chache za mapigano zaidi ya nusu ya ngome iliharibiwa. Upande wa mashariki uliporomoka pamoja na sehemu ya kanisa la Bikira Maria, na sanamu yake kubwa ya nje, yenye urefu wa takriban mita nane na iliyofunikwa kwa vipande vya kioo vya rangi, ilisambaratika. Ngome hiyo sasa ilikuwa mikononi mwa Wapoland, taifa lililokuwa limeumizwa kupita kiasi na Wajerumani. Kwa nini wajenge upya nyumba ya adui? Historia iliyochunguzwa vizuri ilikuwa na jibu: kwa zaidi ya miaka 300, kuanzia 1457 hadi 1772, Malbork ilikuwa mali ya wafalme wa Poland. Mwaka 1961 ikawa jumba la makumbusho.

Walioijenga upya walitegemea vipimo, picha na maelezo ya wahifadhi waliowatangulia, Wajerumani waliofanya kazi kwa nia nyingine kabisa. UNESCO ilipoiorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1997, ilitaja waziwazi kwamba kumbukumbu hizo za kina ndizo zilizowezesha ukarabati wa baada ya vita. Kanisa na sanamu vilisubiri zaidi. Mwaka 2016 sanamu ilisimama tena mahali pake.

Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 unataka ukarabati ukome pale makisio yanapoanza. Mpaka huo hauonekani kwa macho ya mwashi wala ya waziri. Huchorwa na mtu aliyekaa na nyaraka, akalinganisha chokaa na chokaa, akathubutu kuandika katika ripoti kwamba ukuta huu ni wa karne ya 14 na ule ni wa mwaka 1890. Kwa hiyo naiomba idara yangu jambo moja kuanzia mwaka huu wa masomo: kila tasnifu inayohusu jengo la kale iwasilishwe pamoja na michoro yake yote ya vipimo, picha na madaftari ya uwandani, na nakala zihifadhiwe katika miji miwili tofauti, hata kama mwanafunzi na msimamizi wake wanaamini kwamba jengo hilo liko salama.