Milango Miwili: Muuguzi Kijana Anayetaka Kuwa Mkunga Brussels



Tanzania, kijana anayesomea stashahada ya uuguzi na ukunga hutoka na fani zote mbili, na baraza linalomsajili ni moja. Kenya nako, muuguzi wa afya ya jamii aliyesajiliwa huzalisha. Kwetu mashariki mwa Congo, muuguzi wa A2, yaani wa diploma ya sekondari, aliyepangiwa kituo cha afya mbali na barabara hazuiwi na mtu kumpokea mtoto. Akizuiwa, nani atampokea? Ndiyo maana vijana wetu wengi hufika hapa wakiamini kwamba ukunga ni ghorofa ya juu ya uuguzi: ukishaingia ndani, ngazi utaiona. Lakini hapa Ubelgiji uuguzi na ukunga ni nyumba mbili, na kila moja ina mlango wake.

Kwenye shule za Kifaransa, uuguzi ni miaka 4 tangu 2016, na ukunga pia ni miaka 4. Kwenye shule za Kiholanzi, uuguzi ni miaka 4 na ukunga 3. Aliyepata diploma ya ukunga baada ya tarehe 1 Oktoba 2018 haruhusiwi tena kufanya uuguzi wodi yoyote aitakayo. Sheria imemwachia uzazi, magonjwa ya wanawake, matibabu ya ugumba na watoto wachanga, basi. Hawezi kwenda kuomba zamu za wodi ya upasuaji kwa sababu kodi ya nyumba imepanda. Muuguzi naye, awe hodari vipi, hawezi kusimamia uzazi kwa jina la mkunga.

Kwa hiyo nasema wazi: mwenye uhakika na ukunga aombe ukunga moja kwa moja. Nimewasikia wazazi wakimwambia binti, “Anza na uuguzi kwanza, mengine yatafuata.” Wanasema kwa mapenzi, na kule nyumbani wangekuwa sahihi. Hapa ushauri huo unaweza kumlia miaka. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinamruhusu muuguzi kamili kusoma ukunga kwa njia fupi isiyopungua miezi 18 ya masomo ya kutwa, lakini ni shule inayoamua somo gani inakusamehe. Muulize mratibu wa masomo kabla hujajiandikisha, na akujibu kwa maandishi. Asiye na uhakika, au mwenye watu wengi wanaomtegemea, uuguzi utampa uwanja mpana zaidi wa kazi, wala hilo si kushindwa.

Tuje kwenye mazoezi, na namba 40. Kanuni ya Ulaya ya mwaka 2005 inataka mwanafunzi wa ukunga awapime wajawazito 100, awahudumie wenye hatari 40, awachunguze waliojifungua na wachanga wao 100, na azalishe kwa mikono yake mwenyewe mara 40. Pasipo na kina mama wa kutosha, 30 zinakubalika, mradi ashiriki katika uzazi mwingine 20. Kwa binti aliyefanya mazoezi Bukavu au Goma, 40 si namba ya kutisha. Hapa, wanafunzi ni wengi kwenye wodi moja, na kina mama wana haki ya kukataa mwanafunzi. Unaweza kukaa na mama usiku kucha, umemsugua kiuno, umehesabu uchungu wake, kisha njia haifunguki, anapelekwa upasuaji, na daftari lako linabaki lilivyokuwa. Usiku ule haukupotea. Kumsoma mama kabla mashine haijasema ni sehemu kubwa ya kazi hii.

Na mashine zipo. Mikanda miwili tumboni, mmoja wa moyo wa mtoto, mmoja wa uchungu, na karatasi inatoka taratibu kando ya kitanda. Vijana huitazama karatasi kuliko mama. Wewe uliyefundishwa kwa kiganja na kwa kipembe cha Pinard cha kusikilizia moyo wa mtoto una jambo la kuleta: weka mkono juu ya tumbo, tafuta mgongo wa mtoto, ndipo utazame karatasi. Mkunga wa Ubelgiji ana mamlaka yake mwenyewe juu ya mimba na uzazi wa kawaida. Daktari anaitwa mambo yanapotoka kwenye njia.

Mahali ambapo nadhani tunahitajika zaidi ni nyumbani kwa watu. Katika miaka ya karibuni siku za mzazi kulala hospitalini zimepunguzwa, na mkunga ndiye anayemfuata. Piga picha: ghorofa ya 4 isiyo na lifti katika mtaa wetu wa Matonge, mama wa siku 3, maziwa yamejaa, bibi yuko kwenye simu kutoka Uvira akiagiza maji ya moto na uji. Mkunga anamvua mtoto, anamsogeza dirishani kutazama kama ngozi imegeuka njano, anampima uzito, anauliza nepi ngapi zimelowa. Akijua Kiswahili, anamjibu na bibi pia: uji sawa, maji ya moto sana juu ya mshono hapana. Bibi anaridhika, na mama anapata kulala. Hapahapa Brussels shirika la Aquarelle huwahudumia wajawazito wahamiaji wasio na bima. Kijana anayetaka kuielewa kazi hii aanze kwa kuwasikiliza wakunga wa namna hiyo.

Makaratasi sasa. Ulinganisho wa diploma ni jambo moja. Idhini ya kufanya kazi, inayotolewa na wizara ya afya ya shirikisho, ni jingine. Diploma peke yake haitoshi: leta orodha ya masomo yenye saa za darasani na saa za wodini, kwa mhuri. A2 ni ngazi ya sekondari hata kwetu, msitarajie ipande ikivuka bahari. Wengi wanaosubiri majibu huanza kama wasaidizi wa wagonjwa. Ni kazi halali na ya heshima, lakini jiwekee mwaka wa kutoka, maana mshahara mdogo unaozoeleka humfunga mtu.

Msijione wageni katika fani hii. Shule iliyoleta uuguzi wa kisasa Brussels ilifunguliwa mwaka 1907 na daktari Antoine Depage, katika manispaa ya Ixelles ilipo Matonge yetu, na mkuu wake alikuwa mgeni, Mwingereza Edith Cavell. Wajerumani walimpiga risasi Schaerbeek tarehe 12 Oktoba 1915 kwa kuwasaidia askari kutoroka. Wala msidhani mtapokelewa kwenye raha: tarehe 16 Mei 2020, wahudumu wa hospitali ya Saint-Pierre walimgeuzia mgongo Waziri Mkuu Sophie Wilmès alipowatembelea, kwa uchovu na kwa hasira ya kupuuzwa. Uchovu huo bado upo wodini. Jiungeni na chama cha wafanyakazi mwezi wa kwanza.

Mwisho, Kiholanzi. Hospitali za umma za mji huu ni za lugha mbili, na uchungu haumngoji mkalimani. Nendeni Huis van het Nederlands muelekezwe darasa, na kabla ya sarufi jifunzeni maneno ya chumba cha uzazi: sukuma, pumua, ngoja, pumzika.