Kituo Kinachoamka na Watu: Mafunzo ya TV-am ya Uingereza, 1980–1992

Utangulizi



Mada yangu inahusu TV-am, kampuni iliyokuwa na leseni ya kurusha matangazo ya asubuhi kwa Uingereza nzima kupitia mtandao wa ITV, ambao hauhusiani na ITV yetu ya Dar es Salaam. Ilikuwa hewani kuanzia tarehe 1 Februari 1983 hadi tarehe 31 Desemba 1992.

Hoja ninayoiweka mbele yenu ni kwamba kituo cha asubuhi kina wajibu wa aina mbili. Wa kwanza ni kumfaa mtazamaji anayejiandaa kwenda kazini huku akiwavisha watoto sare za shule. Wa pili ni kumpasha habari za yaliyotokea alipokuwa amelala. TV-am iliyumba ilipoupuuza wajibu wa kwanza, ikastawi ilipoutimiza, na ikaaibika iliposahau wa pili.

Leseni na majina makubwa

Wamarekani walikuwa na kipindi cha Today cha NBC tangu Januari 1952. Waingereza walisubiri miaka 30 zaidi kupata huduma kama hiyo ya kila siku kwa taifa zima. Desemba 1980, IBA, mamlaka iliyosimamia utangazaji wa kibiashara wakati huo, iliipa TV-am leseni. Kampuni ilijivunia watangazaji watano waliokuwa wakifahamika kila nyumba: David Frost, Anna Ford, Michael Parkinson, Angela Rippon na Robert Kee. Mkuu wake alikuwa Peter Jay, mwandishi wa uchumi aliyewahi kuwa balozi wa Uingereza nchini Marekani. Jay aliamini kwamba televisheni haina budi kueleza chanzo na maana ya habari, si kuonyesha tukio tu. Imani hiyo ni njema, nami naiheshimu. Swali ni iwapo ilifaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

BBC iliwahi mapema. Tarehe 17 Januari 1983 ilizindua Breakfast Time, na badala ya meza rasmi ya taarifa ya habari watazamaji wakaona sofa, na Frank Bough amevaa sweta akiongea na Selina Scott kama watu walio sebuleni. TV-am ilipoanza wiki mbili baadaye, katika jengo lake jipya la Camden, London, lililopambwa kwa sanamu za vikombe vya mayai juu ya paa, ilionekana nzito. Watazamaji walikuwa wachache. Mapato nayo yalikuwa haba, kwa sababu mgogoro kuhusu malipo ya waigizaji ulipunguza matangazo ya biashara. Jay aliondoka Machi 1983, na mwezi uliofuata Ford na Rippon wakaachishwa kazi.

Kumjua mtazamaji wa asubuhi

Greg Dyke alipokabidhiwa uhariri mkuu mwaka huohuo, alijenga upya ratiba kwa kufuata mwendo wa nyumba. Mtu wa asubuhi hakai akatazama kwa saa nzima. Hupita na chai mkononi, husikiliza akiwa chumba kingine, kisha huondoka. Ndiyo maana saa huonyeshwa kwenye kioo, muhtasari wa habari na hali ya hewa hurudiwa mara kwa mara, na mahojiano huwa mafupi.

Wakati wa likizo ya Pasaka mwaka huo watoto walikuwa nyumbani. Anne Wood, ambaye miaka mingi baadaye alishiriki kubuni Teletubbies, aliwaletea kikaragosi cha panya, Roland Rat. Watoto wakaiwasha TV-am, na wazazi wakaitazama pamoja nao. Anne Diamond na Nick Owen wakashika uendeshaji kwa lugha nyepesi na ucheshi wa kawaida. Kituo kilichokuwa kikielekea kufa kikapona, na kufikia mwishoni mwa muongo huo kilikuwa kikipata faida kubwa.

Usiku wa Brighton

Tarehe 12 Oktoba 1984, karibu saa tisa usiku, bomu la IRA, kundi la wapiganaji wa Ireland, lililipuka katika hoteli ya Grand mjini Brighton, alimokuwa Waziri Mkuu Margaret Thatcher na viongozi wa chama chake. Watu watano walikufa. BBC ilirusha picha za moja kwa moja za waokoaji wakifukua kifusi. TV-am ilikuwa imepunguza mno matumizi ya habari, na asubuhi hiyo haikuwa na picha za kutosha. IBA iliikemea.

Ucheshi wa kila siku ulikuwa umewavuta watu, lakini asubuhi hiyo walihitaji kujua kama serikali yao ingali hai. Kwa maoni yangu, hili ndilo funzo kubwa kuliko yote. Chumba cha habari hakipimwi kwa siku za kawaida.

Miaka mitatu baadaye, Novemba 1987, mafundi wa TV-am waligoma kwa saa 24, nao uongozi chini ya Bruce Gyngell ukawafungia nje. Mameneja walijaza muda kwa marudio ya tamthilia za Marekani kama Batman. Mwaka uliofuata mafundi zaidi ya 200 wakafukuzwa. Mizania ilipendeza, lakini ujuzi ulioondoka na watu hao haukuandikwa katika hesabu yoyote.

Mnada

Sheria ya Utangazaji ya 1990 iliamuru leseni zishindaniwe kwa zabuni. Mwombaji akishavuka kizingiti cha ubora, fedha ndiyo iliyoamua. Oktoba 1991 TV-am iliahidi pauni milioni 14.125 kwa mwaka, ikashindwa na kampuni pinzani, Sunrise, iliyoahidi milioni 34.61. Thatcher, ambaye serikali yake ndiyo iliyotunga sheria hiyo, alimwandikia Gyngell barua ya kusikitika. Sunrise ilibadili jina kuwa GMTV na kuanza tarehe 1 Januari 1993, ikiwa na deni kubwa kwa serikali kabla ya kuuza tangazo hata moja. Mwaka 2007 Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya Uingereza, iliitoza GMTV faini ya pauni milioni 2 kwa sababu watazamaji walilipia simu za mashindano ilhali walioingia fainali walikwisha kuteuliwa.

Mapendekezo

Kwanza, ratiba ya asubuhi ipangwe kwa kuwauliza mama, dereva na mwanafunzi wanavyoianza siku, kabla ya kuajiri jina maarufu.

Pili, kila kituo kiwe na zamu ya usiku yenye mpiga picha, mhariri na gari, hata kama wiki nyingi zitapita bila tukio kubwa.

Tatu, mafundi washirikishwe katika kila badiliko la mitambo.

Nne, mamlaka zetu zinapotoa au kuhuisha leseni, zidai kuona bajeti ya habari ya mwombaji na kuikagua kila mwaka. Uamuzi wa IBA wa 1980 ulitegemea sifa za watu, na mnada wa 1991 ukategemea fedha. Mara zote mbili mtazamaji hakuwa na mtu wa kumsemea mezani. Naomba semina hii iseme kwa niaba yake.